Avenyu Isiyopika

Nyumba ya mama yangu, pale Kisangani, iko karibu na maporomoko kiasi kwamba mgeni akilala kwetu kwa mara ya kwanza, asubuhi huuliza kama mvua imekatika. Si mvua. Ni mto unaanguka, na umekuwa ukianguka hivyo tangu kabla ya mababu zetu, kwa kelele na kwa nguvu, bila kuchoka na bila kupandishwa cheo. Ungedhani watu wanaolala kando ya nguvu zote hizo wana mwanga. Taa tunazo, nisiseme uongo. Zinaning'inia darini vizuri kabisa. Umeme ndio wenye tabia ya shemeji wa mbali: huja bila kutangaza, hukaa kidogo, na siku ya msiba humwoni. Ndiyo maana kila nyumba ya avenyu yetu ina mbabula, lile jiko la bati la makala, yaani mkaa, na ndiyo maana mama ana kibanda cha moshi.

Nikieleze kibanda hicho, maana vita vyote vilitoka humo. Mdogo wake mama, ambaye mimi namwita tonton, ni mvuvi wa maporomoko. Wanaume wa ukoo wetu hawakai mtumbwini kusubiri bahati. Wanasimika magogo katikati ya maji yanayochemka, wanafunga vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, na kila familia ina mahali pake pa kurithi. Ukitega pa mwenzako bila ruhusa, hata Krismasi hamtasalimiana. Tonton analeta samaki, mama anauza. Wanaouzika wabichi wanauzika asubuhi. Waliobaki, jua likipanda, wanaanza kukutazama vibaya. Hao ndio wanaoingia kibandani. Wanapangwa juu ya uchaga, kuni zinawashwa chini yao, na mama anakaa humo akiwageuza mpaka wapate ile rangi ya kahawia ambayo wanunuzi wa Banalia na Bengamisa wanaipenda.

Mama alikuwa na kikohozi. Aliniambia ni mafua ya juzijuzi, yataisha mvua zikiisha. Mvua ziliisha, zikaanza nyingine. Mwishowe nilimburuta hospitali, naye akaja amevaa kikwembe kipya, kitenge cha sikukuu, kana kwamba tunakwenda harusini, na daktari akamsikiliza mgongo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama," daktari akamwambia, "uchague. Moshi ao kifua."

"Docteur," mama akajibu, "ku soko hawauzishaka kifua."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina hasira za karibu, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilimgombeza mama yangu, yeye amekaa nyuma ya baiskeli yake ya toleka, yaani ya kukodi, mimi nyuma ya yangu, na vijana waliotubeba wakijifanya hawasikii. Dawa tuliijua sote. Samaki akilala baridi leo, anauzwa mbichi kesho, na kibanda kinafungwa. Lakini friji bila umeme ni kabati. Mama anayo moja, aliinunua zamani kwa matumaini. Sasa inatunza vikwembe vyake, na sina budi kusema kwamba havijawahi kuguswa na panya.

Basi siku moja ikapita pikipiki yenye kipaza sauti, ikatangaza kwa Lingala kisha kwa Kiswahili kwamba serikali imeanzisha mradi wa nguvu za jua. Inataka moshi upungue, kwa sababu moshi wa kuni na makala, pamoja na ule wa viwanda vya matajiri wa mbali, unapanda juu na kuifunika dunia blanketi, na dunia inapata homa. Kwa hiyo wataalamu watapita nyumba kwa nyumba kuhesabu nani anachoma nini, ili wanaochoma zaidi wasaidiwe kwanza. Tangazo lilikuwa refu na mwisho wake ulikuwa mzuri, lakini avenyu yetu haikufika mwisho. Ilishasimama kwenye kuhesabu.

Papa chef, yaani kiongozi wa avenyu yetu, ni mtu mwembamba anayevaa kofia ya nahodha ingawa hajawahi kuendesha hata mtumbwi. Jioni hiyo hiyo aliita mkutano.

"Walihesabu velo, alors?" akatuuliza, akiinyoshea kidole baiskeli ya jirani. "Velo zikalipa plaque ya namba. Walihesabu pirogue kule mtoni. Pirogue zikalipa. Sasa wanakuya kuhesabu moshi. Bon. Munafikiri moshi itapita bure?"

Hakuna aliyefikiri hivyo. Mama mmoja alisema amesikia kuna friji za bure. Papa chef akamtazama kwa huruma. "Mama, serikali ilishakupatiaka nini bure?" Mama yule akafikiri, akakaa chini.

Lazima mwelewe kwamba kwetu kuficha si uhuni, ni urithi. Babu yangu, enzi za kuhesabiwa mbuzi, aliwavusha mbuzi wake kwa mtumbwi hadi kisiwani, na mwenye kuhesabu alipofika alimkuta babu amekaa peke yake, anasikitika kwamba Mungu hakumjalia mifugo. Wengine hulelewa kwa hadithi za sungura. Sisi tulilelewa kwa hiyo. Ndiyo maana papa chef alipomaliza, watu hawakuuliza kama wafiche. Waliuliza wafiche wapi.

Mimi siku ya wataalamu nilikuwa shuleni, nikifundisha kugawanya. Nilirudi mchana nikiwa na njaa ya mwalimu, ambayo ni njaa na kiu na kelele kwa pamoja. Nilipoingia avenyu nikahisi kuna kitu kimekosekana. Haikunuka. Hakuna makala, hakuna sombe, yale majani ya muhogo, inayochemka, hakuna mafuta ya mawese. Watu walikaa milangoni mwao wamevaa nguo za Jumapili, mikono magotini. Jirani yetu alikuwa amesukuma mbabula yake chini ya kitanda bila kuizima sawasawa, na moshi ukawa unatoka dirishani mwake polepole, naye amekaa mbele ya dirisha hilo amenyooka, hageuki. Tonton alikaa uani kwetu juu ya kitu cha mviringo kilichofunikwa kikwembe. Lilikuwa gunia la makala. Kuni alikwishazipeleka asubuhi majini, akazifunga katikati ya magogo ya mitego, na nawaambia, hata Malaika Gabrieli asingejua lipi ni gogo la kuvulia na lipi ni la kuchoma.

"Mama," nikasema nikivua viatu, "chakula kiko wapi?"

Mama alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipovunja sahani ya harusi yake.

"Chakula gani?" akasema. "Sisi tunapikaka siku gani?"

Hapo ndipo nilipomwona mgeni. Alikuwa msichana mzuri, viatu vya raba, kofia ya mradi, na tableti mkononi. Alikuwa anajaribu kuelewa.

"Mama, hamupikaka kabisa?"

"Kabisa."

"Na munakulaka nini?"

"Kwanga ya muhogo, ya kununua," akasema mama. "Na ndizi ya kuiva."

"Kila siku?"

"Siku ya muungu tunaongezaka karanga."

Msichana aliandika. Yeye, masikini, alieleza kila kitu, na alieleza vizuri. Alisema hatozi kodi. Alisema anatafuta nyumba zenye moshi mwingi, hasa za kina mama wa samaki, kwa sababu serikali itawapa friji kubwa inayotumia jua, na paneli za kuweka juu ya bati, bure. Akalirudia hilo la bure, kwa kudhani linasaidia. Kila aliporudia, uso wa mama ulizidi kufunga. Bure ghali, walisema wahenga, na tonton akajisogeza vizuri juu ya gunia lake.

Kisha msichana akaona kibanda. Huwezi kuficha kibanda. Mama alikuwa ametoa uchaga, amefagia majivu, ametundika kikwembe chenye picha ya Bikira Maria ukutani na kuweka msalaba juu ya kiti.

"Na hapa?"

"Ni chapelle yangu," akasema mama. "Nyumba ya maombi."

Tukaingia. Kuta zilikuwa nyeusi tititi, zinang'aa kwa mafuta ya samaki wa miaka. Harufu ilikuwa ya ngolo, yule kambare, aliyekauka barabara.

"Juu ya nini ukuta ni mweusi hivi?"

"Bougie," akasema mama, yaani mishumaa. "Tunaombaka sana."

Nilidhani msichana atacheka, na kama angecheka mambo yangeishia hapo. Hakucheka. Alivua kofia. Alisema tangu aje Kisangani hajapata usingizi, yuko mbali na kwao, mchumba hajibu simu, na je, mama angeweza kumwombea? Sijawahi kumwona mama yangu amebanwa namna ile. Alimshika msichana mikono, akafumba macho, akaanza. Mama huomba vizuri, hata akiwa anadanganya. Alimwombea usingizi, alimwombea mchumba, alimwombea hata betri ya tableti. Katikati ya maombi kikohozi kikamjia. Alikimeza. Kikarudi. Machozi yakamtoka kwa kukizuia, na msichana alipofumbua macho na kuyaona machozi hayo, naye akalia.

Nilimsindikiza hadi njiani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amepita mitaa mingi lakini hajaona watu kama sisi, avenyu nzima hakuna hata mkaa mmoja. "Munaishi na nini?" akaniuliza. Nikamjibu, "Na imani." Mama alikuwa nyuma yangu ameshika nyama ya kiwiko changu na anaifinya.

Alipotoweka ndipo nikageuka.

"Mama, unajua umeficha nini leo? Umeficha friji yako mwenyewe!"

"Kama ni huruma," mama akasema, "sababu gani wanaandika?" Akaingia kibandani, akatoa msalaba, akarudisha uchaga, kwa sababu samaki wa asubuhi walikuwa wameshaanza kunuka. Nilimsikia akikohoa vile vyote alivyovimeza.

Baada ya muda malori yalikuja. Hayakusimama kwetu. Yalisimama avenyu ya nyuma yetu, ambako chef wao alikuwa amekwenda matangani Banalia siku zile za kuhesabu, kwa hiyo hawakuwa na mtu wa kuwaambia wafiche. Walikutwa kama walivyo, moshi hadi puani, na kila kitu kikaandikwa. Sasa kina mama wao wa samaki walikuwa wanapandishiwa paneli juu ya bati, na friji moja nyeupe ndefu ilikuwa inateremshwa na wanaume kwa nyimbo.

Papa chef alisema tungoje tu, kodi itakuja. Tukangoja. Haikuja. Kilichokuja ni barafu. Watoto wa avenyu ya nyuma walianza kupita kwetu wakila barafu, bila sababu yoyote ya kupita kwetu.

Mama alikwenda kuiona friji hiyo. Alisema anakwenda kusalimia tu. Wenye nayo walimfungulia, wakamwacha aingize mkono, na alirudi nyumbani amekiweka kile kiganja kilichopoa kifuani, juu ya nguo. Alikaa hivyo mpaka kikapata joto. Niliona, na nikaondoka pale uani kwa sababu nilikuwa nataka kumpiga mtu na sikujua nianze na nani.

Nilianza na papa chef. Nilimwambia kesho nakwenda ofisi ya mradi kusema ukweli. Alinisihi kama mtoto. Alisema avenyu iliyoidanganya serikali italipishwa faini, na faini ya uongo ni kubwa kuliko ya moshi. Hilo ningelipuuza. Lakini mama naye alinikataza.

"Nilimuombea ule mutoto," akasema. "Nilimushika mikono. Sasa utaenda kumuambia chapelle ilikuwa ya samaki? Usinipatishe haya, mutoto yangu."

Kwa hiyo nikanyamaza, jambo ambalo sina kipaji nalo, na mama akaendelea kuingia kibandani kila mchana.

Ndipo simu ilipopigwa kwa papa chef. Alitoka nje mbio, kofia mkononi. Mradi ulikuwa umepitia hesabu zake na kuona kwamba katika mji mzima kuna avenyu moja ambayo haitoi moshi hata kidogo. Mkubwa wa mradi angekuja mwenyewe kutupongeza. Tungepewa kibao cha chuma, kisimikwe mwanzo wa avenyu, kimeandikwa kwamba hapa ni mahali pa mfano, hapa hakuna moshi.

"Na frigo?" akauliza mama.

"Mama, frigo ni ya wale wanachoma," papa chef akasema kwa mdomo wake mwenyewe. "Sisi tumeshavuka kule."

Siku ya sherehe ikapangwa, na hapo ikazuka shida ambayo hakuna aliyekuwa ameiwaza. Mgeni atakula nini? Kwetu mgeni haondoki na njaa, sembuse mkubwa. Mtu mmoja akasema tununue mpiodi, yule samaki wa kwenye katoni anayeletwa na meli akiwa jiwe. Tonton akasimama. Akasema siku mkubwa atakapokaa hatua chache kutoka maporomoko na kuwekewa mpiodi mbele yake, yeye atavunja mitego, atauza magogo, atahamia Yangambi akalime. Wanaume wote wakamuunga mkono. Wa maporomoko humlisha mgeni samaki wa maporomoko, wa liboke aliyefungwa majanini na wa moshi, na lituma ya ndizi zilizotwangwa pembeni. Vinginevyo ni tusi.

"Na moto?" akauliza papa chef kwa sauti ndogo.

Wakaangaliana. Hatimaye wakakubaliana kwamba moto utawashwa alfajiri, wapike upesi, wazime, wafagie, na mgeni akifika akute avenyu ya mfano. Kwa kuwa kila mkubwa tunayemjua akisema saa nne huja saa saba, kulikuwa na muda wa kutosha hata wa kupaka chokaa.

Alfajiri hiyo maji yalikuwa yamepanda na vikapu vilikuwa tupu. Tonton alining'inia kwenye magogo, akatukana mto kwa lugha zote za mkoa, na samaki wakaanza kuingia jua likiwa limeshatoka. Kila mbabula ya avenyu ikawashwa kwa mara moja. Kibanda cha mama kilijazwa hadi mlangoni. Kina mama walitwanga ndizi, walifunga maboke, walipuliza makala, na moto ulipokuwa mkali kabisa, tukasikia honi.

Mkubwa amefika. Saa nne kamili. Jambo hilo halijawahi kutokea Kisangani, na sidhani litatokea tena.

Alikaa chini ya turubai, mtu mnene mwenye uso wa kirafiki, na pembeni yake yule msichana wa tableti. Kibao kilikuwa kimefunikwa bendera. Papa chef akaanza hotuba. Alifika mahali pa kusema jinsi avenyu yake inavyopumua hewa safi, na upepo wa mto ukageuka. Moshi ulitoka nyuma ya nyumba zote kwa pamoja, ukavuka mabati, ukashuka turubaini taratibu, ukakaa katikati yetu.

"Papa chef," mkubwa akauliza, "hii ni nini?"

"Excellence, ni ukungu ya maporomoko."

Mkubwa alinusa. "Ukungu inanuka samaki."

"Ndiyo, Excellence," akasema papa chef, kofia imemlowa jasho. "Mule kuna samaki mingi."

Kungekuwa na mahali pa kuingilia ardhini, angeingia. Akapiga makofi, akaagiza chakula kiletwe, labda akitumaini kwamba mtu mwenye mdomo uliojaa haulizi maswali. Mama alitoka wa kwanza na sinia la samaki, mimi nyuma yake na sinia la lituma. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwekea mkubwa samaki, akapiga goti, akasema karibu. Mkubwa alimega, akaonja, akafumba macho.

"Mama! Hii ni nani alitengeneza?"

Mama alifungua mdomo kujibu, na kilichotoka ni kikohozi. Safari hii hakikumezeka. Kilimkunja. Alishika meza, akashika bega langu, na kiliendelea tu, mbele ya bendera, mbele ya kibao, mkubwa amesimama na kipande cha samaki mkononi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa naisema darasani methali hiyo, watoto wanairudia kwa kuimba, na siku hiyo niliiona imesimama mbele yangu imevaa kikwembe cha mama.

Kilipotulia, msichana alikuwa ameshainuka. "Ni mama wa maombi," akasema.

Papa chef alinitazama. Alimtazama mama. Alikuwa anatuomba kwa macho. Mama alijifuta mdomo, akaangalia ule ukungu, akaangalia kibao, kisha akafanya kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukifanya mbele ya mtu wa serikali.

"Madame," akasema, "kuya. Kuya uone chapelle yangu vizuri."

Akamshika mkono, akampitisha nyuma ya nyumba. Mkubwa akafuata, bado anakula. Avenyu nzima ikafuata. Mama akafungua mlango wa kibanda, na moshi ukatupiga usoni, na ndani uchaga umejaa samaki, na Bikira Maria hayupo.

"Hapa ndio ninaombeaka," akasema mama. "Na ile makala, dada jirani wa pale alificha chini ya kitanda, matela ya kulalia ikaungua. Na huyu ndugu yangu alikaliaka gunia mbele yako. Na kuni zilikuwa mule ndani ya maji. Na papa chef, mbabula yake ilikuwa kanisani, nyuma ya ngoma."

Alipoanza hakusimama. Alitaja na baiskeli zisizo na plaque. Nadhani angetaja na mbuzi wa babu kama mkubwa asingeanza kucheka. Alicheka mpaka akahitaji ukuta wa kuegemea, akaegemea wa kibanda, na shati lake jeupe nadhani halikuwahi kupona. Tonton akacheka. Wenye baiskeli peke yao hawakucheka.

Nisiwaweke roho juu: hatukupigwa faini, na friji ilikuja, ingawa ilichukua muda wake kama vitu vyote vya serikali. Kibao walirudi nacho. Sasa samaki wa mama wanalala baridi, na wanunuzi wa Bengamisa wanalalamika kwamba hawana ladha. Ila si kwa ajili ya friji ninaandika haya. Ni kwa ajili ya kilichosemwa pale mlangoni, kicheko kilipokwisha.

Msichana aliwasha tableti, akaanza upya. Aliuliza kuni za aina gani, aliuliza saa ngapi kwa siku. Mama alijibu kila kitu, ameketi kwenye kigoda chake cha siku zote, ndani ya mlango. Msichana akamweleza kwamba hiyo mashine inajumlisha moshi wote uliopanda kutoka kibandani hadi juu, ili serikali ijue kiasi gani hakitapanda tena.

"Na ile haikupandaka?" akauliza mama.

"Ipi, Mama?"

Mama akajigonga kifuani kwa vidole viwili. "Munahesabu moshi ilienda mbinguni. Yote haikuenda. Ingine ilibakia humu. Hii nayo, andika."

Msichana alitazama tableti yake. Alitelezesha kidole, akarudi nyuma, akatafuta. Hapakuwa na mahali pake. Basi akaizima, akachuchumaa mbele ya mama kwa suruali yake safi ya mradi.

"Inauma tangu lini, Mama?"

Nilitaka kumjibia. Nilijua jibu: juzijuzi, mafua, tangu zile mvua. Mama hakumtazama msichana. Alinitazama mimi, kwa haya, kama mtu aliyekutwa.

"Tangu mimba ya huyu," akasema.

Nilikuwa nimesimama pale na sinia la lituma mikononi, mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, niliyesomeshwa kwa samaki wa kibanda kile. Hasira ambazo hazijawahi kuniacha siku moja, nilizitafuta, sikuziona. Nikaweka sinia chini kwenye majivu. Nikamshika mama mkono, nikamwinua kwenye kile kigoda, nikamtoa nje.